Barua kwa mwanangu aliyeacha dozi

Shangani, Mtwara

Mwanangu Salumu,

Shangazi yako amenipigia kutoka Newala. Anasema dawa za kifua kikuu umezimeza vizuri miezi miwili, kikohozi kimekata, umenawiri, basi vidonge umevitupia juu ya kabati ukaenda kuokota korosho. Sikugombezi. Naandika kwa sababu kwenye simu utanijibu "sawa mama" na yataishia hapo.

Miaka yangu ya maabara nimemwona sana mdudu wa kifua kikuu: vijiti vyekundu kwenye uwanja wa buluu, mdudu yuleyule aliyetangazwa na Robert Koch kule Berlin mwaka 1882. Wekundu ule ni rangi tunayompaka maabara, na hautoki hata kwa tindikali, maana mdudu ana ganda lenye nta. Wewe mbanguaji wa korosho, habari za ganda sikufundishi.

Ukimvuta kwa hewa anafika ndani kabisa ya pafu, anakutana na askari wa mwili aitwaye makrofaji. Kazi ya askari ni kumeza. Humfungia mgeni kwenye kifuko, kisha kifuko huungana na vingine vyenye tindikali na vimeng'enya, mgeni akasagika. Bakteria wengi safari yao huishia hapo. Huyu, baba, anazuia vifuko visiungane! Anakaa mlemle tumboni mwa askari, anakula humo, anazaliana humo. Tena hana haraka: E. koli wa utumboni akishiba hugawanyika kila dakika 20 hivi, huyu huchukua karibu saa 20. Askari akizidiwa hufa, wadudu wanatoka, wanamezwa na askari wengine, kazi inaanza upya.

Zile dawa nne za mwanzo zimeua wengi waliokuwa wakizaliana, ndiyo maana unajiona mzima. Waliobaki wamezubaa kama waliolala, na dawa huwapata kwa shida. Hao ndio wa ile miezi minne iliyobaki, ya dawa mbili, rifampisini na isoniazidi. Ukikatiza wanaamka, na safari hii wanaweza kuwa sugu.

Usimeze vidonge viwiliviwili kufidia. Nenda kliniki, taja siku zote ulizoruka, waamue wao.

Jumamosi napanda basi la alfajiri. Nikifika nitakuuliza mkojo wako una rangi gani. Usione haya, na usijaribu kunidanganya: rifampisini huutia rangi ya chungwa.

Mama yako