Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TCRA: Kubonyeza OK si kukubali kukatwa

Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania,
Mawasiliano Towers, Barabara ya Sam Nujoma,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

YAH: SALIO LINALOLIWA NA HUDUMA AMBAZO MTU HAKUZIOMBA

Mimi ni wakala wa miamala ya simu hapa Ngamiani, Tanga. Kibanda changu kina meza moja, mwamvuli na simu tatu. Watu wanakuja kuweka pesa na kutoa, lakini haipiti siku bila kuja mtu ambaye haweki wala hatoi. Anaiweka simu yake mezani, ananiambia: "Hebu nitazamie, mwanangu. Nimeweka vocha ya elfu asubuhi, sijapiga hata simu moja, naambiwa salio halitoshi."

Naandika kwa ajili ya hao. Nitaanza na mama yangu, kwa kuwa simu yake nimeikagua mwenyewe, meseji kwa meseji.

Mama anauza machungwa Muheza. Simu yake ni kiswaswadu, na haikai mkobani. Anaifunga kwenye pindo la kanga pamoja na chenji. Alikuwa akinilalamikia kwa muda kwamba vocha haidumu, nami nikimjibu kama watoto tunavyowajibu wazazi, kwamba labda anapiga sana. Siku nilipoishika ile simu niliona aibu. Kisanduku cha meseji kilikuwa kimejaa pomoni. Kila siku meseji moja ya vidokezo vya urembo, kutoka namba fupi ileile. Mama hasomi meseji. Kikiwaka kitu kwenye kioo, anabonyeza mpaka kizimike. Nilihesabu nilizozikuta: 96. Kila moja imemkata shilingi 150. Jumla shilingi 14,400, za mwanamke anayeuza machungwa kwa mafungu.

Nikapiga huduma kwa wateja ya kampuni yake. Dada aliyepokea alinisikiliza kwa upole, akatazama kwenye mfumo, akasema mteja alijiunga mwenyewe, saa 12 na dakika 41 asubuhi, tarehe akaitaja. Nikamuuliza alijiunga kwa kuandika neno gani. "Hakuandika, alibonyeza OK."

Saa 12 na dakika 41 asubuhi mama yangu anapakia magunia. Tangazo lile hujitokeza lenyewe juu ya kioo, bila mtu kulifungua, na kwenye simu ya namna ile kitufe cha katikati ndicho kinachofungua, ndicho kinachofuta, na ndicho kinachokubali. Kidole kinachokaza fundo la kanga kinatosha. Hapo ndipo kampuni ikaandika kwamba Mtanzania huyu ameridhia kukatwa 150 kila siku ya maisha yake mpaka atakaposema basi, kwa neno ambalo hakuna aliyemfundisha.

Walimrudishia shilingi 1,050. Siku saba. Nilipouliza zile nyingine, nikaambiwa mfumo hauruhusu kurudi nyuma zaidi ya hapo. Mfumo uleule uliokumbuka mpaka dakika aliyobonyeza.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, hila hii ina umri mkubwa kuliko simu hizi tulizonazo. Wakati intaneti ilipokuwa ikipita kwenye waya wa simu ya mezani, kompyuta ilipiga namba kama anavyopiga mtu, modemu, kile kifaa kinachounganisha kompyuta na waya wa simu, ikalia, ndipo ukaingia. Wezi wakatengeneza programu zilizoitwa daila. Unaahidiwa kitu cha bure, unabonyeza OK, nayo inabadilisha namba ambayo kompyuta yako inapiga, iwe namba ya gharama kubwa. Februari 1997 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliwashtaki watu waliokuwa wakifanya hivyo kwa kisingizio cha kuonyesha picha za watu wazima bure. Programu yao ilizima kwanza spika ya modemu ili mwenye kompyuta asisikie mlio, ikakata laini yake ya kawaida, ikapiga Moldova. Zaidi ya dola 2 kwa dakika. Hata akitoka kwenye ukurasa ule simu iliendelea kuhesabu, mpaka azime kompyuta. Na kumbe simu zenyewe hazikufika Moldova, ziliishia Kanada. Jina la nchi ya mbali lilitumika kupandisha bei tu. Shauri lilimalizika kwa watu wapatao 38,000 kurudishiwa dola milioni 2.74, bila kila mmoja kufungua kesi yake.

Kuna jambo la pili, la Ujerumani, na ndilo ninaloomba ulisome kwa utulivu zaidi. Mwaka 2000 kijana wa miaka 16 alipakua faili kwenye kompyuta ya nyumbani kwao, akiahidiwa kwamba litaongeza kasi ya intaneti. Alipoona halina maana akalifuta. Daila ikabaki. Bili ya mama yake ikafika karibu euro 9,000 kwa miezi michache. Kampuni ya simu ikamdai, ikisema mitambo inaonyesha simu zimepigwa kutoka nyumbani kwake. Tarehe 4 Machi 2004 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya nchi ile ikaamua kwamba halipi. Majaji walisema kampuni nayo inavuna pesa kwenye namba hizo za gharama, kwa hiyo hatari ya kutumiwa vibaya ni yake kuibeba, na mteja wa kawaida halazimiki kukaa macho akilinda kompyuta dhidi ya kitu ambacho hana sababu ya kukishuku. Tayari kuanzia Agosti 2003 sheria yao ilitaka kila daila isajiliwe kwa mdhibiti, bei isizidi euro 2 kwa dakika, na laini ijikate yenyewe simu ikitimiza dakika sitini.

Nimekaa sana na hukumu ile. Mama yangu naye aliambiwa mitambo inaonyesha ni yeye. Hakuna aliyemuuliza alikuwa anajua anachobonyeza.

Siku hizi daila zimehamia mfukoni. Kwenye simu janja zinakuja zikiwa zimevaa sura ya tochi, ya kamera, ya picha za kupamba kioo. Zinaomba ruhusa ya kusoma meseji, na anayetaka tochi anakubali bila kujiuliza tochi inasoma meseji za nini. Ukiwa kwenye data ya laini yako, ukurasa wa malipo unaweza kuijua namba yako bila wewe kuiandika. Programu inabonyeza OK kwa niaba yako, inasoma namba ya kuthibitisha iliyotumwa kwako, inaijaza, kwisha. Januari 2020 Google ilitangaza kuwa ilikuwa imeshaondoa dukani mwake programu zipatazo 1,700 za ukoo mmoja tu wa namna hiyo, unaojulikana kwa jina la Joker.

Na wasiokuwa na simu janja wanavuliwa kwa kubipuliwa. Sisi ni watu wa kubipu. Tumelelewa hivyo: mtoto yupo bweni hana vocha, anakubipu, unampigia, shangazi ana shida, anakubipu. Simu isiyojibiwa kwetu ni kama mlango uliogongwa, huwezi kukaa kimya. Basi inaingia simu usiku, inaita mara moja, inakata. Namba ina alama ya jumlisha lakini si 255 yetu. Mtu anawaza: nina ndugu Oman, huenda ni yeye. Anapiga. Anasikia muziki, au mlio kama bado inaita, au mtu anayesema "haloo, subiri kidogo", na kila dakika inakatwa kwa bei ya kimataifa, sehemu ya pesa ikienda kwa aliyekodi namba ile. Wajapani waliipa hila hii jina la wangiri, yaani ita mara moja ukate. Ninapomweleza mteja wangu asiipigie namba asiyoijua, huwa anatikisa kichwa kwa huzuni, maana ninamwambia aache ustaarabu wake. Mwenye ndugu nje namwambia aihifadhi namba ya ndugu yake kwa jina, ili simu ya kweli ikija ajue.

Wanaosoma barua hii pamoja nawe, nawaambia ninachowaambia watu kibandani. Usifute meseji ya makato. Ndiyo shahidi wako. Ipige picha kwa simu ya jirani kama yako haina kamera, ionekane namba fupi, tarehe na saa. Andika salio kabla na baada. Jiondoe kwanza, kwa neno lililotajwa kwenye meseji, kisha piga huduma kwa wateja na usikate simu bila kupewa namba ya lalamiko lako. Uliza maswali mawili: nilijiunga kwa njia gani, na nionyesheni nilichokubali. Omba pesa yote tangu siku ya kwanza. Usitaje kiasi kidogo kwa kuona haya. Wakikataa, nenda dukani kwao na kitambulisho, uandike barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Mamlaka haiwezi kulishika lalamiko ambalo kampuni yenyewe haijapelekewa, kwa hiyo hatua hiyo isirukwe. Na kwenye simu janja, pita kwenye orodha ya programu zako, uone ipi imeruhusiwa kusoma meseji, kisha ujiulize kwa nini.

Lakini hayo yote ni mzigo wa aliyeibiwa. Ninajua wakulima wanaolipia taarifa za bei ya mazao na vijana wanaolipia matokeo ya mpira kwa hiari yao, na hakuna ubaya. Sitaki huduma hizo zife. Nataka anayelipa ajue kwamba analipa.

Mamlaka yako imeshatuonyesha kwamba inaweza. Ukipiga *106#, mtandao wowote, unaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Nimewasaidia watu wengi hapa kugundua laini wasizozijua kwa namba hiyo moja. Meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" tunaipeleka 15040, na hata bibi wa hapa jirani anaikumbuka kwa kichwa. Ninaomba kitu cha aina hiyohiyo kwa makato: namba moja, isiyobadilika kutoka kampuni hadi kampuni, mtu akiipiga aone kila huduma iliyounganishwa kwenye laini yake, inamkata shilingi ngapi, tangu lini, na abonyeze tarakimu moja aitoe. Sasa hivi kila kampuni ina menyu yake, na kwenye simu ya mama nilipita kurasa nne kabla ya kulikuta neno "Jiondoe". Nigeria walishafanya jambo linalofanana na hili mwaka 2016: mteja anatuma STOP kwenda 2442, na meseji za matangazo hazimfikii tena, awe mtandao gani.

La pili, OK isihesabiwe kuwa ridhaa. Mtu aandike kwa mkono wake jina la huduma anayoitaka, halafu apate meseji ya Kiswahili inayotaja bei kwa shilingi na kwa siku, na huduma isianze mpaka aijibu hiyo. Tangazo linalojitokeza lenyewe juu ya kioo lisiruhusiwe kabisa kuunganisha malipo. Ninafahamu programu za wizi zinaweza kujaza namba ya kuthibitisha zenyewe, kama nilivyoeleza, na ndiyo maana la tatu ni zito kuliko yote: mteja anapokana, kampuni ndiyo ithibitishe. Ikishindwa, irudishe yote, tangu siku ya kwanza, na iwarudishie pia wateja wengine walioungwa kwa njia hiyohiyo hata kama hawajalalamika. Mama asingelalamika. Wenzake wa pale sokoni hawajalalamika.

Nimesikia hoja kwamba 150 ni pesa ndogo. Kwa mwezi wa siku 30 ni 4,500, na anayeungwa huduma mbili ni 9,000. Nami nimemkuta kibandani mzee mmoja mwenye huduma nne, akiwa amekuja kutoa 10,000 aliyotumiwa na mwanawe kwa ajili ya dawa.

Tangu siku ya ile simu ya mama nimefungua daftari. Kila anayekuja na lalamiko la salio, akiridhia, naandika tarehe, namba fupi, kiasi na jibu alilopewa na kampuni yake. Majina nayafunika, namba zao sizitoi bila ruhusa. Daftari lipo. Ofisi yako ikinitajia siku na mtu wa kuonana naye, nitapanda basi la alfajiri nilete mwenyewe, na mama amesema atakuja, na simu yake ikiwa na meseji zote 96 kama zilivyo.

Nasubiri jibu lako.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wakala wa miamala ya simu,
Ngamiani, Tanga.