Mwaka 1935 haunitoki kichwani

Swahibu yangu,

Salaam nyingi, na wa nyumbani nao hawajambo? Uliniomba nikuandikie habari za Marekani enzi za Mdororo Mkuu wa uchumi. Nimekuchagulia mwaka mmoja tu, 1935.

Januari 8, Tupelo, Mississippi, alizaliwa mwanamuziki Elvis Presley kwenye kijumba cha mbao cha vyumba viwili. Pacha wake alizaliwa tayari amefariki. Aprili 14 likaja vumbi: mbuga za Oklahoma na Texas zilikuwa zimelimwa kupanda ngano, ukame ukapiga, upepo ukaubeba udongo mpaka mchana ukawa giza totoro.

Ila mimi hasa nataka kukwambia habari za Jesse Owens, mwanariadha Mweusi. Mei 25, mjini Ann Arbor, Michigan, aliingia uwanjani mgongo unamuuma, kwa sababu siku chache nyuma alianguka kwenye ngazi. Saa tisa na robo alasiri akakimbia yadi 100, akaifikia rekodi ya dunia. Akaenda kwenye kuruka chini, akaruka mara moja tu: mita 8.13. Rekodi ile ilidumu miaka 25! Akamalizia na yadi 220, kisha yadi 220 za viunzi, kote akavunja rekodi. Dakika 45 tu, kijana wa miaka 21!

Mwezi uliofuata bondia Joe Louis, naye Mweusi na wa miaka 21, akamtwanga bondia Mwitalia Primo Carnera raundi ya sita jijini New York. Mussolini, mtawala wa Italia, alikuwa anajiandaa kuivamia Ethiopia, na Oktoba akaivamia kweli. Unaweza kufikiria Weusi wa Marekani walivyolipokea pambano lile.

Sasa sikia linaloniuma. Vijana hawa wawili walizaliwa Alabama, wazazi wao wakilima mashamba ya watu wengine kwa kugawana mavuno. Agosti 14 mwaka huohuo, Rais Roosevelt akatia saini sheria ya hifadhi ya jamii, wazee wapate pensheni. Sheria nzuri, naisifu. Lakini vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani waliachwa nje, na hizo ndizo zilikuwa kazi za Weusi wengi. Walioachwa walianza kuingizwa miaka ya 1950. Mtu aliyekuwa na miaka 60 mwaka ule, angeifaidi lini?

Ukiwafundisha wanafunzi wako kipindi hicho, sheria hiyo usiiruke. Niandikie walivyoipokea.

Wasalaam,
Rafiki yako