Tuogope Wembe, Tusiogope Sinia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache juu ya hepatitisi B, ugonjwa wa ini ambao hapa Lamu unaogopwa pasipo na hatari na kupuuzwa pale penye hatari yenyewe. Mtu akishajulikana kuwa ana virusi hivi hutengewa kikombe na sahani, wala hakaribishwi tena kwenye sinia la biriani harusini, ilhali ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula pamoja wala kwa kupeana mikono. Huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana bila kinga, na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto wakati wa kuzaliwa.

Wanaowatenga wenzao ndio hao hao wanaokubali kunyolewa kwa wembe uliokwisha kutumika, au kupigwa chuku, yaani kuumikwa na kutolewa damu (hijama), na mtu anayeupangusa wembe tu kwa spiriti baina ya mteja na mteja. Virusi vya hepatitisi B huweza kudumu nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata katika damu iliyokauka isiyoonekana kwa macho. Sipingi chuku, ambayo kwa wengi wetu ni sunna. Nasema kila mtu aende na wembe wake mpya, au auone ukifunguliwa mbele yake, na iwe vivyo hivyo katika tohara na kutoga masikio.

Kinga iliyo bora ni chanjo. Watoto wa Kenya walianza kuipata mwaka 2001, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kwa hiyo wengi wetu tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuchanjwa. Mtu mzima apimwe damu kwanza, na akionekana hana virusi wala kinga, achanjwe mara 3 katika muda wa miezi 6. Wajawazito nao wapimwe, maana kati ya watoto 10 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, takriban 9 hubaki na virusi kwa muda mrefu, na chanjo ndani ya saa 24 za kwanza hupunguza sana hatari hiyo. Anayengoja macho yawe manjano amechelewa, kwani wengi hawaoni dalili yoyote mpaka ini limejaa makovu au limepata saratani.

Ombi langu kwa idara ya afya ya kaunti ni kwamba wanaokagua vinyozi wakague na nyembe zao, na kwamba vipimo na chanjo ya watu wazima vifikishwe hadi Faza na Kizingitini katika kisiwa cha Pate, ambako nauli ya boti kuja mjini peke yake humkatisha mtu tamaa.

Mkazi wa Langoni,
Lamu