YAH: Malalamiko kuhusu ukarabati wa mabakuli ya taa za mbele za Volkswagen Beetle ya mwaka 1969

Kwa Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Miezi minne iliyopita niliwaletea gari langu ili mnitengenezee mabakuli ya taa za mbele, yaani vikombe vya chuma vinavyoshika taa, yaliyokuwa yameliwa na kutu. Kwenye hati ya kazi mliandika kwa mkono wenu: kukata kutu, kuchomelea bati jipya, kupaka praima (rangi ya chini ya kuzuia kutu), kupaka rangi. Nakala ya hati hiyo nimeiambatanisha. Katika kazi hizo nne, iliyofanyika ni hiyo ya mwisho tu.

Wiki ya sita rangi ilianza kuota vipele chini ya taa ya kushoto, vidogo kama punje za mtama. Nilibonyeza kimoja kwa ukucha, kikapasuka na kutoa maji ya rangi ya chai. Nikatoa ringi ya kromu na taa yenyewe, nikagusa sakafu ya bakuli kwa ncha ya bisibisi. Ilizama yote hadi kwenye mpini, wala sikutumia nguvu. Mlichokiita bati jipya ni fila, ile lipu ya kuzibia mashimo ya bodi, iliyoshindiliwa juu ya kutu ileile niliyowaletea, ikalainishwa kwa msasa na kufunikwa kwa rangi. Nilipitisha sumaku niliyoifunga kitambaa, na sehemu ya ukubwa wa kiganja haikuishika kabisa. Upande wa kulia hali ni hiyohiyo, ila eneo ni dogo kidogo.

Sina sababu ya kuwafundisha kazi, lakini hili lazima niliseme kwa sababu ndilo kiini cha lalamiko langu. Kwenye Beetle bakuli la taa limechomelewa kwenye madigadi, na mgongo wake unatazama gurudumu. Kila tope linalorushwa na tairi linatua pale. Kwa mbele, mpira unaozuia maji ukishakauka na kupasuka, mvua inaingia na kutuama chini, ndiyo maana kutu huanzia sakafuni. Fila inafyonza maji. Ukiiweka juu ya kutu umeiwekea kutu sifongo, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, itanyanyua tu kila kilicho juu yake. Fundi yeyote wa bodi anajua kwamba pale hukatwa hadi kufikia chuma kisafi, kikachomelewa kipande cha unene uleule, nukta kwa nukta ili bati jembamba lisipinde, kisha praima ya epoksi pande zote mbili na nta kwa upande wa gurudumu.

Mliniambia kazi ilichelewa kwa sababu madigadi ilibidi yafunguliwe. Hayakufunguliwa. Vichwa vya bolti zake bado vina rangi ya zamani, na hakuna hata kimoja kilichochubuka kwa spana. Uongo huu umeniuma kuliko fila. Nilisubiri siku zile zote kwa moyo mweupe, nikiamini mnahangaika na bolti zilizoganda.

Kuna jambo la hatari pia. Waya wa kahawia, ule wa erthi unaorudisha umeme kwenye betri kupitia bodi ya gari, mliufunga juu ya rangi mpya bila kukwangua mahali pa kugusana na chuma. Nilipima kati ya erthi ya balbu na ncha hasi ya betri, taa zikiwa zimewashwa, nikapata volti 1.6. Hizo ni volti ambazo balbu haizipati, na mwanga hupungua kwa kasi kuliko volti zinavyopungua. Taa zikawa za manjano hafifu. Usiku mmoja nilimwona mwendesha baiskeli akiwa amebaki hatua chache tu mbele yangu. Nilisimama pembeni ya barabara mpaka mikono ikaacha kutetemeka.

Tena, riflekta zote mbili, yaani sehemu za ndani ya taa zinazoakisi mwanga, zina mikwaruzo ya duara. Mtu amezisugua. Ule mng'ao ni tabaka jembamba mno la alumini. Brashi au dawa ya kung'arishia ikishapita, haurudi. Riflekta hizo zilikuwa nzima nilipowakabidhi gari, na picha nilizopiga asubuhi ile zinaonyesha hivyo.

Gari hili lilikuwa la marehemu baba yangu. Madigadi hayo ni ya asili, lilitoka nayo kiwandani, nami sikutaka kuweka ya kununua ilhali haya yanaokoleka. Hilo nililieleza mbele ya fundi wenu mkuu, naye akaafiki.

Ninachodai ni kurudishiwa malipo yote ya kazi hii na kulipwa gharama ya riflekta mbili. Sitawaachia tena gari mrudie kazi. Nimeshapata fundi mwingine wa kukata na kuchomelea, naye anaanza kwa kuondoa fila yenu. Vipande atakavyovikata nitavihifadhi, mkitaka kuja kuviona.

Naomba jibu lenu kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Nimeambatanisha hati ya kazi, risiti, picha za kabla na baada, na picha ya bisibisi ikiwa imezama kwenye bakuli la kushoto.

Wenu,

Mteja, mwenye Beetle ya 1969