Barua ya Krismasi Kutoka Herrnhut

Rafiki yangu mpendwa,

Ugonile! Ujumbe wako wa sauti nimeupata na nimeurudia kuusikiliza, maana nyuma yako inasikika mvua ya Tukuyu ikipiga bati mpaka unalazimika kupaza sauti. Uliniuliza swali ukaliacha hapo hapo: Krismasi ya huko ina raha, au mtu unajifungia chumbani unalia? Sikutaka kukujibu kwa simu. Mkataba wa kuja huku Ujerumani umeshasaini, mwezi wa nne unakuja, na Desemba itakukuta huku huku. Acha nikuandikie kwa kirefu uje ukijua.

Kwanza ujue kwamba huku Krismasi haiko barabarani. Kwetu inakufuata popote ulipo. Ukienda stendi ipo, sokoni ipo, watoto wamevaa nguo mpya wanazunguka nyumba kwa nyumba, na jirani akipika lazima sahani ifike kwako. Huku Ujerumani shamrashamra zinakuja kabla. Mwezi mzima wa Majilio kuna masoko ya Krismasi, taa, mikate mitamu ya zabibu kavu iliyomwagiwa sukari ya unga. Soko la Dresden peke yake lipo tangu mwaka 1434. Halafu tarehe 24 mchana mji unazimika. Ikifika saa nane maduka yamefungwa, saa kumi giza limeingia, barabarani humwoni mtu. Tarehe 25 na 26 zote ni sikukuu na hakuna duka la kawaida lililo wazi. Kila familia imeingia ndani na mlango umefungwa. Si kwamba watu ni wabaya, ndiyo desturi yao: sikukuu hii ni ya nyumbani. Mgeni asiyejua hilo ndiye anayekaa chumbani akilia, kwa sababu anasubiri Krismasi ipite dirishani, nayo haipiti.

Mimi lililoniingiza ndani ni kanisa. Na unajua ni kanisa gani? Ninakoishi, Löbau, ni mwendo mfupi wa basi hadi Herrnhut. Ndiyo, Herrnhut ile tuliyokuwa tunaitaja kwenye mafundisho ya kipaimara, chimbuko la kanisa letu la Moraviani. Mji wenyewe ni mdogo, mdogo kuliko ulivyo kichwani mwako, lakini kutoka hapa ndiko walikotoka wale wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891. Sasa hivi Wamoraviani wa Tanzania ni wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote duniani, na huku, Jumapili ya kawaida, vinavyojaa ni viti vya mbele tu, na wengi wa waumini ni wazee. Upande huu wa mashariki wa Ujerumani watu wengi hawana kanisa lolote. Nilihuzunika mwanzoni. Baadaye nikagundua kwamba uchache wao umenisaidia, kwa sababu mtu mmoja akiingia wanamwona. Jumapili yangu ya pili tu walishanijua kwa jina.

Nikueleze habari ya nyota. Unaikumbuka ile ya karatasi yenye ncha nyingi iliyokuwa inaning'inizwa kanisani wakati wa Majilio, ambayo sisi wa kwaya ya vijana tuliambiwa tusiiguse? Chimbuko lake ni huku huku. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika shule ya bweni ya kanisa huko Niesky, si mbali na hapa, mwalimu aliitumia kufundisha hesabu za maumbo. Shule hizo zilikuwa zinalea watoto wa wamisionari, wale ambao wazazi wao walikuwa ng'ambo, Greenland au visiwa vya Karibi. Ikawa desturi ya watoto kuziunganisha nyota wenyewe Jumapili ya kwanza ya Majilio. Nilipoelezwa hivyo sikuweza kusema kitu kwa muda. Miaka yote nimeiona kama pambo, kumbe iliunganishwa na watoto waliokuwa wanangoja Krismasi bila baba wala mama. Tulizoea kuwasifu wazazi wale kwa kuvuka bahari. Ni nani aliwahi kutuambia habari za watoto waliobaki?

Pale kwenye nyumba ya wazee ninakofanyia mafunzo, kuna mzee mmoja fundi seremala wa zamani, ambaye kila mwaka nyota ya ukumbini huunganishwa mbele yake. Mikono yake inatetemeka, hawezi tena kushika vile vibanio vidogo vya chuma, kwa hiyo safari hii yeye alikuwa macho na mimi nilikuwa mikono. Alinipanga mezani: ncha 17 zenye kitako cha pembe nne upande huu, 8 zenye kitako cha pembe tatu upande ule, jumla 25. Unaanza na za pembe nne, unazifunga zikizunguka duara, ndipo zile za pembe tatu zinaingia kwenye mapengo. Nafasi moja inaachwa wazi, humo ndimo inamopita taa. Nikikosea ananigusa kiganja kwa kidole, anasema, "Geuza." Nikipatia haongei kitu, anasogeza ncha inayofuata. Tulipomaliza nilitaka kuiwasha tuione. Akakataa kabisa. Ilikuwa Ijumaa, Majilio yalikuwa bado. Tukaiacha ikiwa imezimwa mpaka wakati wake ulipofika, na ikiwashwa haishushwi mpaka sikukuu ya Epifania, tarehe 6 Januari.

Sasa tarehe 24 yenyewe. Niliomba zamu ya asubuhi, nikamaliza mchana, na mama mmoja wa ushirika akaja kunichukua kwa gari kwa sababu siku hiyo mabasi ni ya kubahatisha. Ukumbi wa kanisa la Herrnhut usiufikirie kama makanisa mengine ya huku yenye giza na sanamu. Ni mweupe mtupu. Kuta nyeupe, mabenchi meupe, hakuna altare, ni meza tu mbele na nyota kubwa juu. Uliteketea mwaka 1945 vita ilipokuwa inaisha, ukajengwa upya. Siku hiyo ulijaa! Wale ambao mwaka mzima hawaonekani, siku hiyo wanakuja na wajukuu zao, na hakuna anayewanyooshea kidole. Hilo nililipenda sana. Kwetu tungewasema.

Kabla ya ibada mzee wa kanisa akaniita nyuma, akanikabidhi boksi la mishumaa. Nisaidie kugawa. Ni mishumaa midogo ya nta, kila mmoja umezungushiwa karatasi nyekundu chini ili nta isimwunguze mtoto. Desturi hiyo ilianzia Marienborn, huku huku Ujerumani, mwaka 1747, pale askofu Johannes von Watteville alipowapa watoto mishumaa yenye utepe mwekundu katika ibada ya Krismasi. Nikapita benchi kwa benchi. Watoto wananyoosha mikono, wazee wanasema asante, mmoja ananiambia nisimpe uliopinda. Ndugu yangu, wiki nyingi nilikuwa nakaribishwa: karibu chai, karibu keti, karibu tena. Nashukuru kwa kila karibu. Ila ile boksi ndiyo iliyoniondolea ugeni, kwa sababu nilipewa kazi, na kazi yenyewe ingefanywa vibaya watu wangenung'unika.

Wanaimba wameketi. Utashangaa. Sauti nne, taratibu, hakuna kigelegele wala makofi wala mtu wa kuchezesha bega. Mwanzoni nilidhani hawafurahi. Usifanye haraka kuwahukumu; waangalie machoni. Tuni nyingi nilizijua tangu utotoni, maneno ya Kijerumani nikawa nakosa ubeti wa pili kwenda mbele, basi nikaimba kwa Kiswahili, chini chini, alto yangu ile ile. Binti mdogo kando yangu akanigeukia, akasikiliza kidogo, akaendelea kwa kwao. Taa zilipozimwa ikabaki mishumaa tu, mamia, na ule ukumbi mweupe wote ukawa rangi ya asali.

Chakula cha usiku ule kitakuchekesha. Wewe unafikiri Krismasi ni lazima kitu kichinjwe. Wenzetu usiku wa tarehe 24, familia nyingi, wanakula saladi ya viazi na soseji, basi. Nyama ya bata bukini ni kesho yake. Zawadi nazo zinafunguliwa usiku huo huo. Mimi nilipewa glavu za sufu alizozifuma mwenyewe mama wa nyumba nilimokula usiku ule. Alikuwa ameziangalia zangu za dukani kila Jumapili akinyamaza, kumbe anapima vidole.

Usiku nilipiga simu nyumbani. Sisi tuko nyuma kwa saa mbili, kwa hiyo kule mkesha ulikuwa umeshika kasi, namsikia mama lakini nyuma yake kuna kwaya, kuna watoto, kuna mtu anaita "Pokea wali huu!" Nisikufiche, nililia. Nililia vizuri tu, mama akanisubiri, halafu akaniuliza kama nimekula. Usije ukaambiwa na mtu kwamba ukiwa na imani hutaikumbuka nyumbani. Utaikumbuka. Cha kuangalia ni kwamba wakati unakumbuka usiwe peke yako.

Asubuhi ya tarehe 25 niliamshwa na tarumbeta! Nilidhani naota niko Rungwe. Kikundi cha ushirika kinatoka na kupiga nyimbo nje, kwenye baridi inayouma masikio. Kijana mmoja kila akipumzika anachomoa kipulizio anakitia mfukoni kisipoe, maana kikipoa sana mdomo unashindwa kukishika. Nikamwambia kwetu pia kanisani kuna tarumbeta. Akafikiri namtania. Nikamwonyesha ile video ya Pasaka yetu, alfajiri pale makaburini, akaita wenzake wote waje waone.

Na tarehe 26 ilikuwa zamu yetu. Tulikuwa tumeshamwomba mchungaji ukumbi mdogo tufanye karamu ya upendo, ile ya kuimba na kula pamoja kanisani, kwa namna yetu: sisi Watanzania wachache, Wakongo, Wakenya, na wanafunzi waliotoka Zittau na Dresden. Ndizi za kupika tulizipata kwa Wavietnam. Wapo wengi upande huu tangu miaka ya 1980, waliletwa kufanya kazi viwandani, na maduka yao ndiyo yatakayokuokoa. Hata kisamvu kilichogandishwa wanacho. Nyama ya mbuzi tuliifuata duka la Waarabu. Mchele, nisikudanganye, wa Kyela hauna mpinzani, ila tulipika pilau na likaliwa. Dada mmoja wa Bukavu akasimamia chapati, akatupigisha unga mpaka mabega yakauma.

Tulitegemea tuwe sisi kwa sisi. Wakaja wazee wa Kijerumani, wengi, kila mmoja na keki yake mkononi. Tukasoma neno la siku, mstari wa Biblia wa siku hiyo, lile lile mlilosoma ninyi asubuhi hiyo. Maneno hayo yanachomolewa kwa kura ya bahati hapa hapa Herrnhut miaka mitatu kabla, na yamechapwa kila mwaka tangu 1731. Mkongo mmoja akalisoma kwa Kiswahili chao cha Kivu, mzee akalisoma kwa Kijerumani, tukaimba, tukala. Wakongo walipoanza kupiga ndoo kama ngoma nikaogopa kidogo, nikamtazama mchungaji. Alikuwa ameshasimama anapiga makofi, nje kabisa ya mdundo, na hana wasiwasi.

Bibi mmoja mwenye miaka mingi sana alikaa karibu nami akila ndizi polepole. Akaniuliza kama najua nani waliujenga mji ule. Nikamtaja Zinzendorf, yule kabaila wa Kijerumani. Akatikisa kichwa. Ardhi ilikuwa yake, akasema, ila waliokata mti wa kwanza mwaka 1722 ni wakimbizi kutoka Moravia, upande wa Cheki ya leo, waliokimbia kwao kwa ajili ya imani, wamefika na mabegi tu. "Kwa hiyo mnaotujia si ninyi wa kwanza," akaniambia, akaomba aongezewe ndizi.

Basi, mambo ya kufanya. Ukifika tu, Jumapili ya kwanza tafuta ushirika, hata kama hujui lugha, na ukiulizwa kama unaweza kusaidia jambo lolote, kufuta meza, kupanga vitabu, kuimba, kubali kabla hawajamaliza kuuliza. Usisubiri Desemba. Kazini watakuomba ufanye zamu za sikukuu ukiwa huna familia huku. Fanya moja kwa moyo mweupe, kwa sababu wenzako wana watoto wadogo, lakini jioni ya tarehe 24 iombee ruhusa mapema, hata mwezi wa kumi. Chakula nunua tarehe 22.

Kwenye begi, nyama na maziwa usibebe, forodha hawaruhusu. Nguo za baridi usihangaike kununua Kariakoo, hazitoshi kwa baridi hii, na mama mwenye glavu ameshaniuliza vidole vyako vikoje. Niletee vitabu vya nyimbo vya Kiswahili, vitano au sita, maana tunapiga picha kurasa za kile changu na kinachakaa. Kitenge cha kwaya nacho, kile cha bluu, kama fundi bado anacho. Na umwombe mwalimu wa kwaya akuandikie nota za sauti zote za ule wimbo tuliofungia mkesha mwaka ule wa mvua kubwa. Huku watu wanasoma nota vizuri kuliko sisi, na nimeshawaahidi kwamba Krismasi ijayo wataimba wamesimama.

Nisalimie mama, wazee wa kanisa, na kina dada wote wa alto. Mwambie mdogo wako aendelee na Kijerumani, asiishie kwenye salamu. Nitakuja kukupokea uwanja wa ndege Dresden au Berlin, popote tiketi itakapokushusha; nitumie tarehe mara tu utakapoijua ili niombe kubadilishiwa zamu.

Ndaga, ndugu yangu.

Wako wa siku zote.