YAH: Renata hajawahi kuzaliwa, naomba mmfute

Kwa watu wa huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Hii ni mara ya tatu naandika, zile mbili mlinijibu na meseji ileile ya kukopi na kupesti kwamba tafsiri "imehakikiwa". Imehakikiwa na nani? Mtu aliyezoea rejista za ubatizo za Kilatini asingepitisha mlichonitumia.

Niliwapa picha ya rejista ya kanisa Katoliki ya mwaka 1747, mistari mitatu tu. Mkanirudishia kwamba tarehe 14 Julai walizaliwa mapacha, Anna na Renata. Nyumbani tulifurahi kweli, mama akaanza kuuliza huyo Renata aliishia wapi, aliolewa au alikufa mdogo, nikapekua rejista za ndoa na za vifo miezi minne, usiku kwa usiku mpaka macho yanauma, Renata hayupo popote. Mwisho nikachukua kamusi nikarudi kwenye picha mwenyewe. Maneno ni haya: nata et eodem die renata est Anna. Yaani amezaliwa, na siku hiyohiyo amebatizwa, Anna. Basi! Renata hapo ni "aliyezaliwa upya", ndivyo mapadri walivyokuwa wakiandika ubatizo. Najua lipo na jina Renata, lakini hiyo est ni ya mtu mmoja jamani, wangekuwa wawili padri angeandika sunt.

Haya, na huo mwezi. Imeandikwa 7bris, nyie mmeona saba mkaweka Julai. Ile ni Septemba! Septem ndo saba kwa Kilatini, Warumi wa zamani walianza kuhesabu miezi Machi, ndo maana 8bris ni Oktoba, 9bris Novemba na Xbris Desemba. Hilo mtu anajifunza siku ya kwanza. Mtasema miezi miwili ni kitu gani, ila wazazi wa Anna walifunga ndoa mwishoni mwa Novemba 1746, kwa hesabu yenu bibi wa watu alienda kanisani na mimba, na kwenye grupu la familia mjomba hajaacha kumtania mpaka leo. Weka Septemba, hesabu inakaa sawa kabisa.

Baba naye mmemwita Joannis. Jina lake Joannes, Joannis ni "wa Joannes", Kilatini hugeuza mwisho wa jina. Sishangai ndoa yake ilikuwa haitokei nikitafuta kwenye programu yenu.

Kukosea sio shida, ile miandiko ya zamani hata mimi inanitoa jasho. Shida ni kwamba mlisema inasomwa na binadamu, halafu mkanipa tafsiri safiii bila maneno yenyewe ya Kilatini pembeni, sasa ningejuaje wapi mmesoma na wapi mmebahatisha? Tena bila kuniuliza mkamwingiza Renata kwenye mti wa ukoo unaoonekana na kila mtu. Nimekuta watu wawili nisiowajua wameshamkopi kwenye miti yao, mmoja kamtafutia mpaka mume.

Kwa hiyo naomba ukurasa wangu usomwe upya na mtu anayejua Kilatini, mnitumie neno kwa neno jinsi lilivyoandikwa na tafsiri yake chini, na pale msipokuwa na uhakika wekeni alama ya kuuliza, haina aibu. Hela ya kazi ya kwanza mnirudishie. Na wale wawili waliokopi muwaandikie nyie wenyewe, mimi sina pa kuwapata, hasa yule wa mume.

Nasubiri jibu la mtu, sio la roboti.

Mteja wenu (kwa sasa)