Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Kaunti ya Kisumu: Wanaotuuguzia wazee nyumbani wapewe kandarasi

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Nyalenda, kuhusu kazi inayoanza pale hospitali inapoishia.

Mama yangu alipopata kiharusi alilazwa wiki mbili, kisha tukaambiwa twende naye nyumbani. Hakuweza hata kujigeuza kitandani. Aliyetuokoa ni jirani, muuza samaki ambaye alikuwa amemuuguza mumewe miaka mitatu. Alinifundisha kumgeuza kila baada ya saa mbili, kumlisha akiwa ameinuliwa asipaliwe, kumkausha vizuri baada ya kumwogesha. Nilimlipa kwa unga na sukari, sikuwa na zaidi. Mama alitutoka mwaka jana bila kidonda hata kimoja mgongoni.

Wanawake kama huyo mtaani kwetu ni wengi. Mhudumu wa afya ya jamii hupita, nasi tunamshukuru, lakini ana kaya zipatazo 100 na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Hawezi kushinda na mgonjwa mmoja.

Ombi langu ni kwamba ofisi yako iwasaidie wanawake hawa kujisajili kama ushirika wa uuguzi wa nyumbani, kisha kaunti iingie mkataba nao. Wauguzi wa zahanati wawafunze na kuwasimamia. Familia yenye uwezo ilipe, isiyo nao ilipiwe na kaunti, na kinachobaki kinunue glavu, magodoro na viti vya magurudumu. Italia ilitunga sheria ya ushirika wa namna hii mwaka 1991, na leo manispaa zake huupa kandarasi za kutunza wazee na watu wenye ulemavu. Kwetu huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti tangu 2013, na chama tunakijua: daftari, mweka hazina, mchango wa kila wiki.

Kinachonitia hofu ni malipo. Kikundi cha wanawake 12 hakiwezi kungoja hundi miezi sita kama mwanakandarasi wa barabara. Watoto wao wanakula leo. Tarehe ya malipo iandikwe kwenye mkataba, na iheshimiwe.

Anza na wadi mbili tu, Nyalenda A na Nyalenda B. Niko tayari kukutembeza nyumba kwa nyumba siku utakayochagua, uwaone wagonjwa na wanaowaogesha.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Nyalenda